Ngome Siyo Mji

Limezoeleka katika madarasa yetu somo la namna hii: Wareno walifika pwani, wakajenga Ngome ya Yesu, na Mombasa ikawa mji. Mwanafunzi huliandika daftarini, akalikariri, akajibia mtihani. Sisi tufundishao Kiswahili hapa Ruharo na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale hatuna budi kulikataa somo hilo. Kwanza kwa kuwa si kweli, na pili kwa kuwa madhara yake hayakomei Mombasa.

Tuanze na jambo ambalo aghalabu hatulitaji darasani. Tangu mwaka 1580 hadi 1640 taji la Ureno lilikuwa kichwani mwa wafalme wa Hispania. Ujenzi wa ngome ulipoanza mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, mfalme aliyetawala Ureno alikuwa Felipe wa Pili wa Hispania. Maafisa na askari walikuwa Wareno, lakini mwenye taji alikuwa Mhispania. Basi kwa muda wa karibu nusu karne Mombasa ilikuwa bandari chini ya mfalme wa Hispania. Je, ni mfalme huyo aliyeikuza?

Wanaoitetea ngome wana hoja, na haki yao isikilizwe. Wasema kwamba baada ya 1593 Mombasa ilichukua nafasi ya Malindi na kuwa makao makuu ya Wareno katika pwani hii. Kwamba walikuwapo kapteni, forodha, mapadri wa shirika la Augustino na nyumba za walowezi nje ya ngome. Yote hayo ni kweli. Lakini tuulize: kwa nini waliichagua Mombasa? Mwizi havunji nyumba tupu. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 alikuta kisiwa chenye ndizi na ndimu, na misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Nafaka yao wenyeji waliipata kutoka bara. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliushambulia mji huo, akaupora na kuuchoma moto. Mtu haendi kupora mahali pasipo na mali. Mji ulikuwapo, tena ulikuwa tajiri, miaka 88 kabla ya jiwe la kwanza la ngome kuwekwa.

Na baada ya ngome? Mfanyabiashara aliyezoea kusafiri kwa pepo za kaskazi na kusi alitakiwa kuwa na hati ya ruhusa ya Wareno na kulipa ushuru wao. Sultani wa Malindi aliletwa kutawala Mombasa chini ya macho ya kapteni. Mrithi mmoja wa kiti hicho, Yusuf bin Hasan, alipelekwa Goa akiwa mtoto, akabatizwa Jerónimo, akarudishwa kutawala mwaka 1626. Agosti 1631 alimwua kapteni akaiteka ngome. Ukuaji gani huo ambao hata mtoto aliyelelewa na watawala aliukata kwa upanga? Mwaka 1632 aliondoka kwa njia ya bahari, na Wareno wakarudi. Mwaka 1698, baada ya kuzingirwa kwa karibu miaka mitatu, ngome ikaangukia mikononi mwa Waomani. Wafalme walikwenda, mji ukabaki.

Sisi walimu wa lugha tunao ushahidi mwingine, nao umo vinywani mwetu. Kutoka kwa Wareno tumepokea meza, leso, bendera, mvinyo, na majina ya karata: kopa, shupaza, uru na pau. Tumepokea pia gereza, neno ambalo asili yake ni igreja, yaani kanisa. Na kwa hakika ngome ile ilitumiwa na Waingereza kuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Lakini mji, nyumba, njia na soko hatukuvipata kwao. Bandari na nahodha ni maneno ya Kiajemi, bahari na forodha ni ya Kiarabu, nayo yameingia kwa biashara na ujirani. Hatuoni haya kukopa. Mwenye kuazimisha jembe hawi mwenye shamba.

Ndugu walimu, mtauliza haya yanatuhusu nini sisi wa Ankole, mbali na bahari. Yanatuhusu sana. Anayefundisha kwamba mji ulizaliwa na ngome hufundisha pia, pasipo kutamka, kwamba lugha huzaliwa na amri. Hapa Uganda tumeziona amri. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Kilichobaki kwa wengi ni hofu ya lugha ya askari. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa ili kiwe lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likakipitisha tena. Hatuzidharau hatua hizo mbili za mwisho. Lakini ngome bila mji ni mawe matupu.

Sasa tazameni Nakivale, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda. Mkongo alifika humo na Kiswahili chake alichokinyonya kwa mamaye, Mrundi akaja na chake, Msomali akajifunza sokoni. Hapakuwa na afisa wala tangazo. Kisha mtoto huyo huingia darasani, na mwalimu humwambia kwamba Kiswahili chake ni kibovu, asubiri kilicho sanifu. Huyo mwalimu anafanya kazi ya kapteni: ameukuta mji, anataka kuanza kuuhesabu tangu siku aliyofika yeye.

Usanifu tuufundishe, kwani mtihani unautaka na vitabu vimeandikwa kwao. Lakini tuujenge juu ya yale mtoto aliyokuja nayo. Na tunapofundisha Mombasa, tuanze na 1331 kabla ya 1593. Tuanze na baharia, mvuvi, na mkulima wa bara aliyewalisha. Ngome ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuanguka. Mji hauna ila watu wake, na lugha vivyo hivyo.