Anzeni na Inganock

Eti lazima uanze na Celenaria! Ndugu yangu, nani kakuambia? Nazungumzia zile riwaya za picha za kompyuta za Liar-soft ya Japani, za dunia ya mashine za mvuke. Ndiyo, Celenaria ilitoka 2006, Inganock 2007, Sharnoth 2008. Lakini kila moja ina watu wake na mwisho wake.

Mimi nilianza na Inganock. Mji umefungwa miaka 10, hakuna anayetoka, na daktari Gii anazunguka mitaa ya chini akitibu maskini. Hapa kambini nani anahitaji utangulizi ili aelewe hilo? (Kiingereza chake kigumu kweli, tunasaidiana.)

Wiki jana alikuja kituoni kijana wa miaka 20, akaambiwa arudi, aanze na ya kwanza. Ya kwanza hatuna! Akaondoka, mpaka leo hajaonekana. Jamani, sisi shule tuliingia katikati ya muhula, lugha ya huku tuliidandia ikiwa mbioni. Leo mnatupangia foleni hadi kwenye hadithi?

Ile karatasi ya mpangilio ukutani nimeibandua mimi. Anayeitaka aje kwangu.