Bumu si mavuno

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umeshakula?”

“Nimekula mama. Nimeshiba kabisa.”

Mazungumzo ya namna hii huenda kila Jumapili jioni kati ya Somanda, Malambo au Nyakabindi huku Bariadi na vyumba vya kupanga vya Malimbe jijini Mwanza. Mama anakata simu akiwa ametulia. Asichokijua ni kwamba mtoto alikunywa chai asubuhi na hajaonja kitu tena, na kwamba fedha ya kujikimu iliyoingia wiki tano zilizopita imebaki shilingi 3,000.

Wiki ya sita ndiyo inayowaumiza vijana wengi wa chuo. Mmoja anakopa kwa wenzake hadi wanaanza kumkwepa. Mwingine anachukua mkopo wa haraka kwenye simu, kisha anatafuta wa pili wa kulipa wa kwanza. Yupo anayejaribu bahati kwenye kubeti. Yupo binti anayeanza kupokea “msaada” wa mwanaume anayejua vizuri kwamba ana njaa. Wazazi wakija kusikia, husema mtoto ameharibikia mjini. Mara nyingi kilichoanza kuharibika ni hesabu.

Fedha yenyewe ni kiasi gani?

Mwanafunzi aliyepata mkopo kamili wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, hupewa hadi shilingi 10,000 kwa siku kwa ajili ya chakula na malazi. Zamani ilikuwa 8,500. Fedha hiyo, ambayo wanafunzi wenyewe wanaiita bumu, haitoki kila siku. Huja kwa awamu, kwa kawaida ya siku 60 hivi kwa pamoja. Yaani siku moja kijana wa miaka 20 anafungua simu na kukuta shilingi 600,000.

Kwa nyumba inayoishi kwa pamba, hizo ni fedha nyingi. Kwa bei ya shilingi 1,150 kwa kilo, ni zaidi ya kilo 520 za pamba mbegu. Hapo ndipo macho yanapodanganyika, ya mtoto na ya mzazi pia. Mtoto anaona simu mpya na viatu. Mzazi anaona mavuno.

Simu inayotoka nyumbani

Hili wazazi hatulisemi kwa sauti. Bumu likitoka, habari hufika kijijini haraka. Kabla wiki haijaisha, simu zinaanza kupigwa. Sare za mdogo wake zimechanika. Bati mbili zimepungua kwenye nyumba. Dawa ya kupulizia pamba imeisha. Mjomba ana shida kidogo, atarudisha.

Mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kumwambia baba yake hapana. Anatuma 50,000, kisha 30,000, kisha 40,000. Jumla ni 120,000, sawa na chakula na malazi ya siku 12. Wiki ya sita ikifika, yule aliyetumiwa fedha ndiye anayeuliza kwa ukali, “Hela zote umepeleka wapi?”

Mzazi akumbuke pia kwamba fedha hiyo ni deni. Siku mtoto akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake itakuwa inakatwa kila mwezi hadi mkopo uishe. Bati lililonunuliwa kwa bumu ni bati la mkopo, na mlipaji ni mtoto.

Hakuna mama wa Kisukuma anayefungua kihenge mwezi wa saba na kuwaambia watoto kila mmoja achote apendavyo. Hupima. Anajua kilichomo, anajua mvua zitaanza lini, na anajua midomo iko mingapi. Bumu ni kihenge cha siku 60, na mdomo wake ni mmoja. Kipimo ambacho familia imekitumia miaka yote ndicho ambacho mtoto anatakiwa kuondoka nacho nyumbani.

Hesabu ya wiki

Tuchukue mfano wa kijana aliyepanga chumba cha shilingi 40,000 kwa mwezi na aliyepokea 600,000.

Kwanza anatoa kodi ya miezi miwili, 80,000. Pili anatenga 40,000 ya dharura, yaani homa ya ghafla au nauli ya kurudi Bariadi kukiwa na msiba. Hiyo haiguswi kwa jambo jingine. Anabaki na 480,000.

Siku 60 ni wiki nane na nusu hivi. Asigawe kwa nane wala kwa tisa. Agawe kwa kumi, kwa sababu awamu inayofuata inaweza kuchelewa, na tumbo halisubiri. Kwa hiyo wiki moja ni 48,000, na inaweza kugawanywa hivi:

Chakula na nishati ya kupikia: 25,000
Nauli za daladala: 5,000
Bando na vocha: 5,000
Kuchapa na fotokopi: 4,000
Sabuni, pedi na mahitaji ya usafi: 4,000
Fedha yake ya kutumia apendavyo: 5,000

Mstari wa mwisho usifutwe. Kijana asiyeruhusiwa hata soda na wenzake atavunja mpango wote siku moja.

Chakula kwa 25,000 kinawezekana kwa anayepika. Anayekula kwa mama ntilie, chai ikiwa 1,000 na sahani ya mchana na ya jioni 2,500 kila moja, anatumia 6,000 kwa siku. Kwa wiki ni 42,000, na hajanunua hata sabuni. Hapa nyumbani tuna msaada mkubwa kuliko tunavyodhani. Mabasi ya Mwanza kupitia Lamadi yanatoka kila siku. Nusu gunia la mchele, unga, karanga, na mfuko wa michembe na matobolwa vikipanda basi mara moja kwa muhula, hesabu ya chumba kile inabadilika kabisa. Mwanafunzi mwenye michembe na karanga kabatini halali njaa, hata bumu lichelewe.

Fedha ya wiki kumi isikae yote kwenye simu. Ibaki benki, na kila Jumapili jioni ahamishe 48,000 tu. Ikiisha Ijumaa, basi Jumamosi ni ya michembe. Funzo la siku moja ya namna hiyo, akiwa bado na wiki nyingi mbele, ni rahisi kuliko funzo la wiki ya sita. Awe pia na daftari dogo la matumizi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Asiyepata mkopo

Wapo waliopata nusu, wapo waliokosa kabisa. Kwa mkulima wa Maswa, Meatu au Itilima, ugumu ni kwamba fedha ya pamba huingia kuanzia Mei, wakati vyuo vingi hufungua kati ya Oktoba na Novemba. Katikati hapo kuna harusi, kuna ng’ombe anayeuzwa kwa bei nzuri, kuna pikipiki ya mkopo.

Nyumba yenye mtoto wa chuo ikae chini siku ile ile fedha ya AMCOS inapoingia. Kiasi cha mtoto kwa wiki kizidishwe kwa wiki za muhula, kiwekwe benki, na baba na mama wote wajue ni kiasi gani. Mama asiyejua kilichotengwa hawezi kukilinda. Kutuma kila wiki kuna makato mengi ya miamala, kwa hiyo ni heri kutuma mara moja kwa mwezi, siku inayojulikana, na mtoto apime mwenyewe. Kama kilichopo ni 25,000 tu kwa wiki, aambiwe ni 25,000. Kijana anayejua ukweli wa nyumbani hupanga. Aliyeahidiwa “tutaona” hukopa.

Jumapili hii

Swali la “umekula?” lina jibu moja tu, kwa sababu mtoto hataki kumliza mama yake. Mpigie umuulize hivi: leo umepika nini, na umebakiza shilingi ngapi hadi Jumapili ijayo?

Akisema hana kitu, usipandishe sauti. Mtoto aliyefokewa leo, wiki ijayo atasema ameshiba. Mwambie asome daftari lake taratibu, mstari kwa mstari, nawe usikilize. Ukikuta humo mstari ulioandikwa “nimetuma nyumbani”, usiupite kimya. Mwambie huo umefika mwisho, na kwamba safari hii mchele unakuja na basi la kesho asubuhi.