Plastiki "inayooza" isitupumbaze

Tukiona kikombe kimeandikwa kwamba kinaoza, tunakitupa bila wasiwasi. Tusidanganyike. Plastiki iitwayo PLA, inayotokana na sukari ya mahindi au miwa, huoza vizuri katika mitambo ya mboji yenye joto la nyuzi 60 hivi. Ikitupwa mtaroni au baharini, hukaa miaka.

Ipo njia bora kuliko kuiacha ioze. Kwa maji na joto, wanakemia huivunja ikarudi kuwa asidi ya laktiki, ile ile inayogandisha maziwa ya mtindi. Wapo bakteria wanaokula asidi hiyo na kujiwekea akiba mwilini plastiki nyingine, PHA. Taka inageuka malighafi.

Lakini kemia haitatuchambulia taka. PLA ikichanganyika na chupa za kawaida, huharibu urejelezaji wake. Mwaka 2015, katika Laudato si', Papa Fransisko alisikitikia viwanda visivyojua kupokea tena taka zao.

Basi, katika sherehe za parokia tutumie vikombe vya kuosha. Na muuzaji akituletea "vinavyooza", tumuulize: nani atavikusanya, na atavipeleka wapi? Asipokuwa na jibu, tusinunue.