Makubaliano na Hasimu: Mjadala wa Nyuklia ya Iran na Funzo la Nyamongo

Na Mwandishi Wetu – MAELEZO

Nyamongo, mji wa dhahabu katika Wilaya ya Tarime mkoani Mara, uko maelfu ya kilomita kutoka Vienna, ambako makubaliano ya nyuklia ya Iran yalifikiwa Julai 14, 2015. Hata hivyo, kila mara Ghuba inapotikisika, mji huu huhisi. Dizeli inayoendesha karasha za wachimbaji wadogo hutokana na mafuta yanayouzwa katika soko la dunia, na takribani moja ya tano ya mafuta yanayotumiwa duniani hupita katika Mlango wa Bahari wa Hormuz, kando ya pwani ya Iran. Aidha, wawekezaji wanapoogopa vita hukimbilia dhahabu na bei yake hupanda. Hivyo mchimbaji mdogo hupokea zaidi kwa mkono mmoja na kulipa zaidi kwa mkono mwingine.

Lakini ipo sababu nyingine ya kuutazama mjadala huo kutokea Nyamongo. Swali lililowagawa wabunge wa Washington na wa Tehran mwaka 2015 ndilo lililoulizwa hapa nchini mwaka 2017 kuhusu mgodi wa North Mara: je, ni busara kutia saini makubaliano na upande usiouamini?

Uhasama wenye historia

Marekani na Iran hazikufika Vienna zikiwa marafiki. Wairani wanakumbuka mapinduzi ya mwaka 1953 yaliyomwondoa Waziri Mkuu Mohammad Mossadegh kwa msaada wa Marekani na Uingereza. Wamarekani nao wanakumbuka kutekwa kwa ubalozi wao mjini Tehran mwaka 1979 na raia wao kushikiliwa kwa siku 444.

Kwa sababu hiyo, makubaliano hayo, yaliyozihusisha pia Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Urusi, China na Umoja wa Ulaya, hayakujengwa juu ya imani bali juu ya vipimo. Iran ilikubali kutorutubisha urani zaidi ya asilimia 3.67 kwa miaka 15, na kutohifadhi zaidi ya kilo 300 za urani iliyorutubishwa kwa kiwango hicho. Idadi ya mashine zake za kurutubisha ilipunguzwa kutoka takribani 19,000 hadi 6,104. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) walipewa nafasi ya kufuatilia mnyororo mzima, kuanzia mgodi wa urani hadi kiwandani, kwa kamera na lakiri. Iran nayo ingeondolewa vikwazo vya kiuchumi vinavyohusu nyuklia.

Hoja za pande mbili

Waliopinga makubaliano hayo nchini Marekani hawakuwa na hoja nyepesi. Walisema kwamba baadhi ya masharti yangekoma baada ya miaka 10 au 15, hivyo hasimu angehitaji kusubiri tu. Walisema kwamba makombora ya masafa marefu hayakuguswa, na kwamba fedha zitakazopatikana baada ya vikwazo kuondolewa zingeweza kuwafadhili washirika wa Iran wenye silaha katika Mashariki ya Kati. Waziri Mkuu wa Israel, Benjamin Netanyahu, alizieleza hofu hizo mbele ya Bunge la Marekani Machi 3, 2015.

Walioyatetea walijibu kwa swali: mbadala ni upi? Kabla ya makubaliano, ilikadiriwa kwamba Iran ingehitaji miezi miwili au mitatu kupata urani ya kutosha bomu moja endapo ingeamua kufanya hivyo. Baada ya makubaliano, muda huo ungefikia mwaka mmoja. Kwao, makubaliano yenye kasoro lakini yanayokaguliwa yalikuwa bora kuliko kutokuwa na makubaliano, kutokuwa na mkaguzi na hatimaye kuingia vitani.

Septemba 10, 2015 wapinzani katika Baraza la Seneti walihitaji kura 60 ili azimio lao la kuyakataa makubaliano lisonge mbele. Walipata 58, huku maseneta 42 wakiwazuia. Tehran nako mjadala ulikuwa mkali. Bunge la Iran liliidhinisha makubaliano Oktoba 13, 2015 kwa kura 161 dhidi ya 59, baadhi ya wabunge wakidai kwamba nchi yao imejisalimisha. Yafaa kuangalia hapo: katika kila mji mkuu walikuwapo watu walioamini kwamba upande wao ndio uliopunjwa.

Makubaliano yalivyovunjika

Makubaliano hayakuanguka kwa sababu vipimo vilishindwa. Ripoti za IAEA za miaka ya mwanzo zilionesha kwamba Iran ilikuwa ikitekeleza masharti ya msingi. Yalianguka kwa sababu upande mmoja uliyaweka katika uamuzi wa kiutendaji wa Rais, bila kuyapa hadhi ya mkataba ulioridhiwa na Seneti. Mei 8, 2018 Rais Donald Trump aliiondoa Marekani kwa uamuzi wa namna hiyo hiyo.

Mwaka mmoja baadaye Iran ilianza kuvuka mipaka iliyowekwa, na Aprili 2021 ilianza kurutubisha urani hadi asilimia 60, kiwango kilicho karibu na kile cha silaha. Juni 13, 2025 Israel iliishambulia Iran, na Juni 22 Marekani ikavilenga vituo vya Fordow, Natanz na Isfahan. IAEA ilikadiria kwamba wakati mashambulizi yanaanza Iran ilikuwa na zaidi ya kilo 440 za urani ya asilimia 60. Mwishoni mwa Septemba 2025 vikwazo vya Umoja wa Mataifa vikarejeshwa.

Mabomu yanaweza kubomoa jengo, lakini hayawezi kuhesabu kilo. Baada ya mashambulizi wakaguzi walipoteza uwezo wa kuthibitisha shehena hiyo ilipo na iko katika hali gani. Miaka kumi baada ya Vienna, dunia ilijua machache zaidi kuhusu urani ya Iran kuliko ilivyojua siku ile makubaliano yalipoanza kutekelezwa.

Tanzania iliguswa

Si kweli kwamba mgogoro huu ulipita mbali na Tanzania. Mwaka 2012, vikwazo dhidi ya mafuta ya Iran vilipokaza, ilibainika kwamba meli za mafuta za nchi hiyo zilikuwa zimesajiliwa chini ya bendera ya Tanzania kupitia wakala wa usajili wa Zanzibar aliyekuwa Dubai. Mbunge wa Marekani, Howard Berman, alimwandikia barua Rais Jakaya Kikwete akitaka meli hizo zifutwe, akionya kuhusu athari kwa uhusiano wa nchi hizi mbili. Agosti mwaka huo Waziri wa Mambo ya Nje, Bernard Membe, alieleza kwamba meli 36 zilihusika na kwamba hatua za kuzifutia usajili zilikuwa zikichukuliwa.

Tanzania haikuwa na ugomvi na Iran wala na Marekani. Iliponzwa na daftari la usajili lililoshikwa na mtu wa mbali asiyekaguliwa vya kutosha. Januari 2018, baada ya meli nyingine zenye bendera ya Tanzania kukamatwa ng'ambo zikihusishwa na shehena za dawa za kulevya na vilipuzi, Serikali ilisimamisha kwa muda usajili wa meli za nje. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Bendera nayo ni mali.

Kontena na mizani

Hapo ndipo Nyamongo inapoingia. Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi. Swali kuu lilikuwa rahisi kulitamka na gumu kulijibu: ndani ya kontena mna nini? Kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilichunguza kontena 277 zilizokuwa bandarini Dar es Salaam na kuwasilisha taarifa yake Mei 24, 2017. Kamati ya pili, chini ya Profesa Nehemiah Osoro, iliwasilisha yake Juni 12. Kampuni ya Acacia, iliyoendesha migodi ya Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara, ilizikataa takwimu hizo. Baadaye Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitoa madai ya kodi, riba na adhabu yaliyofikia dola za Marekani bilioni 190.

Kampuni ya biashara si dola, na makinikia si urani. Hata hivyo muundo wa mgogoro ulifanana: pande mbili zisizoaminiana, bidhaa iliyofungwa ndani ya kontena, na kila upande na mizani yake. Walikuwapo waliotaka wawekezaji wafukuzwe, na walikuwapo walioonya kwamba kuwabana kungeitia nchi hasara mahakamani. Serikali ilichagua meza. Mwenyekiti wa Barrick, John Thornton, alifika Ikulu Juni 14, 2017. Timu ya Tanzania iliongozwa na Profesa Palamagamba Kabudi, na Oktoba 19, 2017 misingi ya makubaliano ilitangazwa. Mikataba yenyewe ilitiwa saini Januari 24, 2020: Serikali ilipata hisa asilimia 16 katika migodi na katika kampuni ya Twiga, manufaa ya kiuchumi yakagawanywa nusu kwa nusu, na Barrick ikakubali kulipa dola milioni 300 kumaliza madai.

Wapo wanaouliza kwa nini madai ya bilioni 190 yaliishia milioni 300. Swali hilo ni halali, na linafanana na lile la wapinzani wa Vienna. Jibu lake ni kwamba thamani ya makubaliano na mtu msiyeaminiana haipimwi kwa fedha ya siku ya kwanza pekee, bali pia kwa nafasi ya kuendelea kuona na kuhesabu. Mwenye hisa huketi katika bodi na husoma hesabu za kampuni. Zaidi ya hayo, mwaka 2017 Bunge lilitunga sheria za kulinda umiliki wa rasilimali na za kupitia upya masharti hasi katika mikataba. Misingi iliyowekwa katika sheria haitegemei hisia za kiongozi mmoja, na hilo ndilo lililokosekana katika makubaliano ya Iran.

Kazi ambayo haijaisha

Pamoja na hayo, makubaliano ya juu hayatoshi kwa mkazi anayechota maji karibu na Mto Tigithe. Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliutoza mgodi wa North Mara faini ya Shilingi bilioni 5.6 kwa kushindwa kudhibiti uvujaji kutoka bwawa la topesumu. Faini hiyo ilithibitisha kwamba mkaguzi anahitajika hata pale mgogoro wa kodi unapokuwa mezani. Ukaguzi una maana kamili pale tu matokeo yake yanapomfikia mwananchi kwa lugha anayoielewa, katika mkutano wa kijiji, na si katika kabati la ofisi.

Tanzania ina sababu ya pekee ya kuzingatia somo hili. Ni mwanachama wa Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia na wa Mkataba wa Pelindaba, unaoifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha hizo. Aidha, nchi inajiandaa kuchimba urani katika Mradi wa Mto Mkuju, Namtumbo, mkoani Ruvuma. Wakati utafika ambapo Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania na wakaguzi wa kimataifa watauliza huko kile kilichoulizwa Natanz na bandarini Dar es Salaam: zimetoka kilo ngapi, zimekwenda wapi, na nani amezihesabu?

Mzee wa Tarime aliyewahi kufuata nyayo za ng'ombe walioibwa hahitaji kufundishwa jambo hili. Hakumwomba jirani aape kwamba ni mwema. Alifuata nyayo hadi zilipoishia, kisha akaketi kuzungumza. Kuzungumza na hasimu si udhaifu, mradi unaingia mezani ukiwa na vipimo vyako, unatoka ukiwa na sheria inayokulinda, na kesho yake unarudi kuhesabu.