Alama ya mpira na ubishi wa Madrid

Leo tuzungumzie tenisi ya Madrid, mashindano ya wanaume na wanawake yanayochezwa kwenye udongo mwekundu. Mwaka 2025 Alexander Zverev alibishania mpira wa mpinzani ambao mitambo ilihesabu umeingia. Yeye aliona alama yake nje ya mstari. Mwamuzi alipokataa kubadili uamuzi, Zverev akachukua simu, akaipiga picha alama ile. Akapewa onyo!

Zamani mwamuzi angeshuka kitini akaikagua. Siku hizi huko Madrid kamera na kompyuta ndizo huamua. Sisemi mitambo ilikosea. Udongo husogea, na alama yaweza kupotosha. Lakini mimi kazi yangu ni kuandika programu. Mteja akiniletea picha ya hitilafu, simfokei. Nafungua kumbukumbu za mfumo, tunatazama pamoja. Mara nyingine ni yeye aliyekosea, ila huondoka ameridhika.

Kwa hivyo nionavyo, mashine iendelee kuamua, lakini panapozuka ubishi picha yake ionyeshwe papo hapo, ilinganishwe na alama. Mfumo usiokubali kuulizwa, hata ukiwa sahihi, watu hawauamini. Nyinyi mwaonaje?