Ndege za Caf na mvua za Lushoto

UKIVUTA mstari kwenye ramani kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam, unapita karibu kabisa juu ya Lushoto. Mkulima wa karoti kule Magamba anasikia mngurumo, anainua kichwa, kisha anarudi kwenye jembe lake. Huenda ndani ya ndege kuna watalii. Huenda kuna timu inayokuja kuvaana na Simba au Yanga kwa Mkapa. Yeye mechi hiyo ataisikiliza redioni, au jioni atateremka kibanda umiza kuitazama.

Kwenye ndege hiyo hana tiketi. Ila kinachotoka nyuma ya injini kinamhusu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kilo moja ya mafuta ya ndege ikiungua inatoa kilo tatu na ushee za hewa ukaa, kwa sababu kaboni iliyomo kwenye mafuta inajishika na oksijeni ya angani. Ndege ya saizi ya Airbus A220, ya watu 130 hivi, inakunywa takriban tani mbili za mafuta kwa saa. Sasa chukua safari ya fainali ya Kombe la Shirikisho, Juni 2023, Yanga ilipoifuata USM Alger. Dar hadi Algiers ni zaidi ya kilomita 6,000, karibu saa nane angani. Kwenda na kurudi, ndege ya aina hiyo inamwaga kama tani 100 za hewa ukaa. Wagawie abiria 130, kila mmoja anaondoka na robo tatu ya tani. Mtanzania wa kawaida, kwa mafuta yote yanayochomwa nchini, anahesabiwa robo tani hivi kwa mwaka mzima. Yaani safari moja ya kushangilia ni sawa na miaka mitatu ya mtu wa kawaida.

Na kombe lenyewe halikuja. Wananchi walishinda 1-0 kule, lakini kipigo cha 2-1 cha nyumbani kikawamaliza kwa sheria ya bao la ugenini.

Wagosi wa Kaya nao, timu ambayo watu wa Lushoto wanaihesabu ya kwao, Agosti 2024 walikwenda Angola kucheza na Bravos do Maquis, wakatupwa nje mapema. Shida ya Afrika ni kwamba timu ikitaka kuvuka bara kutoka mashariki kwenda magharibi mara nyingi inalazimika kuzunguka, ipande huku, ishukie kule, isubiri, ipande tena. Wachezaji wanachoka na mafuta yanaungua zaidi.

Hewa ukaa si mzigo pekee. Injini inatema pia mvuke wa maji, masizi na oksidi za naitrojeni, tena huko juu kilomita 10 hadi 12. Hewa ikiwa na unyevu na baridi ya kama nyuzi 40 chini ya sifuri, mvuke unaganda juu ya masizi, ndio ule mstari mweupe unaoonekana angani. Ukanda wa joto baridi hiyo inaanzia juu zaidi, ndiyo maana ndege nyingi zinapita juu ya Usambara bila kuacha alama. Pale mistari inapotanda na kuwa wingu jembamba, inazuia joto la ardhi lisitoroke. Mchana wingu hilo linarudisha sehemu ya mwanga wa jua, angalau linafidia. Usiku hakuna fidia, na timu zinapenda kuondoka usiku uleule mechi ikiisha.

Ukijumlisha yote, usafiri wa anga unabeba kama asilimia 2.5 ya hewa ukaa inayotokana na binadamu, na takriban asilimia 3.5 ya ongezeko la joto. Ni kidogo, wengine watasema. Sawa, lakini kidogo hicho kinatoka kwa watu wachache. Walio wengi duniani hawapandi ndege mwaka mzima.

Joto likipanda nyuzi moja, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia saba. Usambara ndio ukuta unaopokea upepo wa Bahari ya Hindi. Hewa iliyoshiba ikigonga ukuta huo, mvua inashuka kwa fujo, mawe yanaporomoka barabara ya Mombo hadi Soni, na lori la kabichi linalotakiwa Kariakoo alfajiri linalala njiani. Hakuna anayeweza kuonyesha jiwe moja akasema hili limeangushwa na ndege ya timu fulani. Ndege ni mchangiaji mmoja tu kati ya wengi, lakini bili inapokuja, mwenye kabichi analipa.

Wakubwa wa soka wanalijua hilo. Fifa ilikadiria Kombe la Dunia la Qatar 2022 kuwa na tani milioni 3.6 za hewa ukaa, zaidi ya nusu zikiwa za safari, halafu ikalitangaza kuwa halina madhara kwa tabianchi. Juni 2023 chombo cha Uswisi kinachosimamia haki katika matangazo kikasema Fifa haikuthibitisha dai hilo. Kombe la 2026 likapangwa kwa timu 48, mechi 104, nchi tatu za bara kubwa. Somo halikuingia.

Kumwambia Simba aende Algiers kwa basi ni utani. Mchezo wa kweli uko kwenye meza ya wanaopanga ratiba, na Afcon 2027 ya Tanzania, Kenya na Uganda ndiyo mtihani. Kundi likibaki Arusha na Nairobi, ni safari ya basi ya nusu siku. Likitawanywa Dar, Kampala na Nairobi, kila shabiki mwenye uwezo atapanda ndege. Reli ya Tanga inayopita Mombo, chini ya milima hii, ilifika Moshi mwaka 1911. Treni ya abiria kutoka Dar ilirudi Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020. Uwanja mpya wa Afcon unajengwa Arusha. Kamati za maandalizi zimezungumzia sana viwanja na hoteli. Treni ya siku ya mechi, itakayosimama Mombo kumchukua mtu wa Lushoto, bado haijasikika.