Shiti ya wateja sio bidhaa, acheni kuiuza

Wafanyabiashara wenzangu, hili nimelinyamazia muda mrefu, leo nasema. Ule mtindo wa kuingia kwenye magrupu yetu na kuandika "nina namba za akina mama wa Dar wanaonunua mtandaoni, faili la Excel, bei poa" sio dili. Na wewe unayejibu "nicheki inbox" nawe umo humo humo.

Utetezi wenu naujua. Biashara ngumu, matangazo ya kulipia yanakula mtaji, na hawa wateja nimewatafuta kwa jasho langu kwa hiyo orodha ni yangu. Jasho ni lako, kweli. Ila yule dada alipokupa namba yake alikupa ya nini? Alikupa ili boda amfikishie mzigo. Hakukupa ili umtafutie muuza viwanja na watu wa mikopo. Ni kama fundi cherehani aliyeachiwa kitambaa. Kushona ameruhusiwa, kukiuza hajaruhusiwa, hata kama uzi ni wake.

Fungua shiti yako sasa hivi uiangalie kama vile ni ya mtu mwingine. Jina, namba, mtaa, geti la rangi gani, anarudi kazini saa ngapi, kanunua nini, anadaiwa kiasi gani. Halafu ile safu ya mwisho tunayoiita "Maoni", hapo ndipo kwenye balaa. Watu wanaandika "msumbufu", "analipa kidogo kidogo, mume asijue", "mjamzito, saizi itabadilika". Mimi nauza nguo za ndani na za kulalia. Wateja wangu wengi hawataki hata mfuko uwe na jina la duka. Shiti ya namna hiyo ikitua mikononi mwa jirani au shemeji, mimi nitakuwa nimepoteza mteja mmoja, yeye anaweza kupoteza ndoa.

Na tapeli naye yupo anasubiri. Anampigia mteja wako: "Dada, lile gauni la pinki ulilolipia jana limefika stendi, malizia elfu 8 ya usafiri kwa namba hii nikuletee." Ametaja gauni, rangi na siku. Nani asiyeamini hapo? Hela ikishaenda, mteja hamtafuti tapeli, anakutafuta wewe. Na ana haki.

Najua wengi wenu hamuuzi. Mnavujisha tu bila kujua. Wapo wanaosema uaminifu ni moyo, mimi nasema moyo peke yake hautoshi kama programu unayoitumia hujui inavyofanya kazi. Sina cheti cha kompyuta, nimeishia kidato cha nne, Excel nimejifunza YouTube kwa bando la usiku. Lakini hata waliosoma inawakuta.

Chukua polisi wa Ireland Kaskazini, Agosti 2023. Mtu aliomba kwa njia halali takwimu za idadi ya askari na vyeo vyao. Wakamjibu kwa faili la Excel. Kumbe ndani ya faili lile kulikuwa na shiti nyingine iliyofichwa, ina majina ya ukoo, vyeo na vituo vya kazi vya watumishi wote, zaidi ya 9,000. Likakaa mtandaoni masaa machache kabla ya kuondolewa. Na kule kuna askari ambao hata majirani hawajui kwamba ni polisi, kwa sababu makundi yenye silaha yamekuwa yakiwalenga. Mwaka 2024 jeshi hilo likatozwa faini ya pauni 750,000. Hapo hakuna aliyehaki chochote. Kitu kilikuwa kimefichwa tu, wakadhani kimetoka.

Kwa hiyo shika hili: kwenye Excel kuficha sio kufuta. Safu uliyoificha, mstari uliouchuja kwa filta, shiti uliyoibonyeza "Hide", vyote vinasafiri na faili. Anayelipokea anabonyeza "Unhide" na anaona kila kitu. Ukitaka kumpa mtu sehemu, nakili hiyo sehemu uibandike kwenye faili jipya tupu, halafu tuma hilo jipya. Boda hahitaji shiti kabisa. Mtumie meseji yenye jina, namba na mahali pa kushusha, basi. Alichobeba kwenye mfuko hakimhusu.

Wa Google Sheets nanyi, hamjasalimika. Ukienda kushea ukaona imeandikwa "Anyone with the link", maana yake linki hiyo ikiangukia kwa yeyote, anaingia. Ulimtumia msaidizi, msaidizi akaitupia kwenye grupu la wasambazaji, grupu lina watu 200. Rudisha iwe "Restricted", kisha ongeza watu kwa barua pepe zao mmoja mmoja. Wa kusoma mpe "Viewer", wa kuandika mpe "Editor". Na kama mnafanya biashara wawili, ukiwa kwenye kompyuta kuna sehemu inaitwa "Version history", inaonyesha nani kabadilisha nini na lini. Inapunguza sana kutazamana vibaya hesabu zisipokaa.

Kuna moja dogo watu wanalidharau. Ukipanga madeni kutoka kubwa kwenda dogo ukachagua safu moja tu ya deni, Excel inakuuliza kama upanue uchaguzi. Ukikataa kwa haraka haraka, madeni yanahama, majina yanabaki palepale. Asubuhi unamvaa mtu kwa deni la mwenzake. Kubali kupanua, au chagua jedwali zima tangu mwanzo. Na namba za simu ziandikwe kwenye safu uliyoiweka kuwa "Text" kabla hujaanza kuandika, la sivyo ile sifuri ya mbele inaliwa.

(Wale wa kuniuliza Office ya kukraki kwenye flashi: LibreOffice ni ya bure, Google Sheets ni ya bure. Sielewi kwa nini mtu aingize kirusi kwenye kompyuta yenye siri za wateja wake kukwepa gharama ambayo haipo.)

Sheria nayo ipo, sio mambo ya Ulaya peke yake. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume yake kabisa. Mlioko Kenya yenu ni ya 2019. Msingi wake ni ule ule wa fundi cherehani: taarifa uliyokusanya kwa kazi fulani itumie kwa kazi hiyo, ukitaka kuitumia kwa nyingine muulize mwenyewe. Usijifariji kwamba duka lako liko kwenye simu tu.

Na hata tukiacha sheria, hizo namba za kununua hazikusaidii kihivyo. Broadcast ya kawaida ya WhatsApp inamfikia yule aliyesevu namba yako. Watu wa kwenye faili la kununua hawajakusevu, hawakujui. Utabaki kuwatumia mmoja mmoja, wataanza kukuripoti, na WhatsApp ikiifungia namba yako umepoteza hadi wateja wa kweli. Bora uwe na watu 60 waliokubali kupokea bidhaa mpya kuliko elfu 5 wasiojua umetoka wapi. Mimi kwenye shiti nina safu ya "Matangazo", naandika ndio au hapana. Nauliza mara moja tu baada ya mzigo kufika salama, wengi wanasema ndio.

Leo usiku kabla hujalala, fungua ile sehemu ya kushea uangalie waliomo. Msichana aliyeacha kazi mwezi wa pili bado anaingia? Yule dereva wa zamani je? Watoe. Kisha nenda safu ya Maoni, futa yote ambayo usingeweza kumsomea mteja mbele yake.

Mlioniomba fomula ya kujumlisha mauzo kwa mwezi nimewaona, inakuja Jumatano.